Nimepewa kuongoza timu ya apu, lakini usiku naandika upya kodi (maandishi ya programu) za wenzangu. Nifanyeje?

Fundi_Skrini aliandika:

Wakuu, habari za wakati huu. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, ila leo nina jambo langu na nahitaji waliopita njia hii wanisaidie.

Mimi ni mhandisi wa programu, upande wa apu za simu, hasa Android. Nina miaka 8 kazini, na 6 ya mwisho nimekuwa kwenye apu moja hiyo hiyo. Skrini yake ya kwanza niliiandika mimi, sehemu ya kuingia niliiandika mimi, na ile ya kusawazisha data na seva nimeiandika mara tatu. Mtu akianza kunieleza hitilafu, mara nyingi najua iko kwenye faili gani kabla hajamaliza sentensi. Miezi 5 iliyopita nikaambiwa niongoze timu. Nina watu 7: watatu wa Android, wawili wa iOS (mfumo wa simu za iPhone), mmoja wa seva na mmoja anayepima ubora.

Nilikubali bila kufikiri sana. Nilidhani kuongoza ni kazi yangu ya zamani pamoja na vikao vichache. Wiki iliyopita nilihesabu vikao nikapata saa 19. Nikitoka kwenye kikao, watu wa biashara wananisubiri mlangoni na swali lao moja: lini? Kodi naifungua saa nne usiku, nyumba ikishatulia.

Na hapo ndipo lilipo kosa langu, nalisema wazi ili mnisaidie vizuri. Usiku huo sifanyi kazi yangu. Napitia kazi za wenzangu na kuzibadilisha. Wakija asubuhi wanakuta kodi si ile waliyoiacha.

Kuna binti mmoja kwenye timu, ana mwaka na nusu kazini, mwerevu sana. Alipewa skrini ya orodha ya miadi. Alipoleta ombi la kuunganisha kazi yake kwenye tawi kuu, yaani kodi ya pamoja ya timu nzima, nilikaa nalo usiku nikaacha maoni 43. Kila moja naweza kulitetea: jina hili halieleweki, hii kazi iondoke kwenye uzi mkuu isije ikagandisha skrini, hapa umerudia kitu ambacho tayari tunacho, orodha hii ipakie kwa kurasa usivute yote kwa mkupuo. Asubuhi nikakuta amejibu yote 43. Kila jibu neno moja: "Sawa." Nikashusha ukurasa mpaka chini nikitafuta hata mahali pamoja alipouliza kwa nini. Sikupaona.

Zamani tulipokuwa tunakaa meza za jirani alikuwa na maswali mengi, mengine yananishinda, na alikuwa akiniita kaka. Siku hizi ananiita bosi.

Jambo la pili: toleo letu kubwa limechelewa wiki 5, na wakubwa wanataka kuniongezea watu 2 ili tuwahi. La tatu ni hofu yangu mwenyewe. Nikikaa mwaka mzima bila kuandika kodi, lugha mpya zitatoka, maktaba mpya zitatoka, na mimi nitabaki mtu wa vikao tu. Je, niombe kurudi nilikotoka? Au kuna namna ya kuongoza ambayo mimi siioni?

Naomba kuwasilisha.

---

Panya_wa_Seva alijibu:

Mkuu pole. Mimi nianze na hao watu wawili: wakatae, na ukatae mapema.

Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta OS/360 kule IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Piga hesabu kwa timu yako. Mko 8 ukijihesabu wewe. Njia za mtu kuzungumza na mtu ni 28. Wakiongezeka 2 mnakuwa 10, na njia zinafika 45. Hao wageni hawaijui apu, kwa hiyo atakayewafundisha ni nani? Ni wale wale mnaowategemea mmalize toleo. Wiki mbili za kwanza mtakuwa mmepoteza watu, hamjaongeza.

Waambie wakubwa uwapokee hao watu toleo likishatoka. Kwa sasa omba wapunguze vitu vilivyomo ndani ya toleo. Nenda na orodha mkononi, usiende na malalamiko.

Hayo mengine wapo wazoefu humu, ngoja waje.

---

Mama_Matoleo alijibu:

Mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu hizo "sawa" zako 43 nami nilizipata, kwa sura nyingine, na sikuzielewa mpaka watu wasiohusika wakapata hasara.

Nianze na hofu yako ya tatu maana ndiyo nyepesi. Apu za Android nilianza nazo mwaka 2010, enzi za Android 2.2, tukiandika lugha ya Java ndani ya Eclipse, programu ya kuandikia kodi. Wakati ule mtumiaji akiigeuza simu kutoka wima kwenda ubavu, mfumo unaiua skrini na kuijenga upya, na kazi iliyokuwa ikipakua data nyuma ya pazia inarudi inakuta skrini iliyoituma haipo tena. Apu inajifunga. Mwaka wangu wa kwanza karibu wote uliishia hapo. Nikaijua AsyncTask, zana ya kufanyia kazi hizo za nyuma ya pazia, ndani nje, watu wakawa wananipigia simu kuniuliza. AsyncTask imewekwa kando rasmi tangu Android 11, mwaka 2020. Eclipse tuliiaga Android Studio ilipokomaa. Mwaka 2017 Google ikaikubali Kotlin rasmi, 2019 ikaitangaza kuwa ndiyo lugha ya kutangulizwa kwenye Android. Mwaka 2021 Jetpack Compose, namna mpya ya kuchora skrini, ikatoka toleo la 1.0, na ule uchoraji wa skrini kwa XML nilioufanya miaka 11 ukaanza kuwa habari ya jana.

Kwa hiyo zana zinakwisha hata mikononi mwa yule asiyeondoka kwenye kodi siku hata moja. Ninachokitumia hadi leo kutoka 2010 ni lile swali: mtu akiigeuza simu katikati ya kazi, inakuwaje? Mtandao ukikatika hapa hapa, inakuwaje? Nalitumia zaidi sasa kuliko nilipokuwa naandika kodi, maana sasa naliuliza mbele ya watu 9.

Sasa nikupe kisa changu.

Mwaka 2019 nilikuwa naongoza watu 5. Apu yetu ilikuwa ya wakaguzi wa mitambo, watu wanaokwenda mahali ambako mtandao haupo kabisa. Wanajaza ripoti kwenye simu, ripoti inakaa kwenye hifadhidata ya ndani ya simu, wakifika penye mtandao inapanda kwenye seva. Mnaotumia Room, zana ya Android ya kusimamia hifadhidata hiyo, mnajua: ukibadilisha umbo la hifadhidata unaipa namba mpya, na unaandika hatua za kuihamisha data ya zamani kuja kwenye umbo jipya.

Hatua hizo aliziandika kijana mmoja mpole. Faili lake lilikuwa refu: namba 3 kwenda 4, 4 kwenda 5, 5 kwenda 6. Hiyo ya 3 kwenda 4 peke yake ilikuwa na mistari kama 60, inahamisha safu moja baada ya nyingine, na juu yake ameandika maneno mawili: "USIFUTE. Muhimu." Sababu hakuiandika.

Usiku mmoja nikalifungua. Nikajiambia watu wote sasa wako namba 5, haya mengine ni makapi. Nikafuta hatua za zamani. Na ili apu isijifunge ikikutana na namba isiyoijua, nikaongeza mstari mmoja unaoiambia Room kwamba ikikosa njia, ifute hifadhidata yote na kuanza upya. Mstari mmoja tu. Faili likawa fupi, safi, linapendeza. Nikajaribu kwenye simu yangu, ikaenda vizuri. Simu 3 za ofisini nazo zikaenda vizuri, kwa sababu zote zilikuwa na apu ya wiki iliyotangulia. Nikaliunganisha mwenyewe kwenye tawi kuu bila mtu kukagua, kwani saa sita usiku ni nani wa kumkagua kiongozi? Toleo likaenda kwa watumiaji wote, asilimia 100, kwa mpigo.

Siku ya tatu simu zikaanza kuingia. Kulikuwa na wakaguzi 11 ambao hawakuwa wamesasisha apu kwa miezi. Walikaa porini wiki nzima wakijaza ripoti, wakarudi penye Wi-Fi, simu zikajisasisha zenyewe kabla ripoti hazijapanda. Walipofungua apu wakakuta tupu. Mmoja alinitumia picha ya skrini yake. Ile michoro yangu mizuri ya ukurasa usio na kitu, na katikati maandishi niliyoyatunga mwenyewe: "Hakuna ripoti bado." Alikuwa amefanya kazi siku 6.

Na Google Play hairudishi toleo nyuma. Wakati ule uliweza kulisimamisha kama ulikuwa unalisambaza kwa hatua, lakini aliyekwisha kulipokea amelipokea, na dawa ni kutuma jingine lenye namba kubwa zaidi. Tukatuma usiku huo huo. Wengine wakasalimika. Wale 11 ilibidi warudi kwenye mitambo wakaanze ukaguzi upya.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni mazungumzo na yule kijana. Nilimwuliza kama alijua kwamba kuna watu bado wako namba 3. Akasema alijua. Kila Jumatatu alikuwa akisoma ujumbe unaoingia dawati la msaada, hakuna aliyemtuma, na humo ndimo alimowaona wakaguzi wasiosasisha. Nikamwuliza, je, mabadiliko yangu uliyaona? Akasema aliyaona asubuhi ile ile. Siku mbili nzima kabla ya simu ya kwanza! Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaangalia chini, akasema, "Nilijua umeshaangalia. Wewe huwa unaangalia."

Mara tatu za nyuma alizonipinga, sikumjibu. Niliandika upya kazi yake usiku nikaendelea na mambo yangu. Alijifunza kwangu kwamba kupinga hakuna faida.

Ndiyo maana nakuambia, hiyo "sawa" ya binti yako usiisome kama utii. Ndani ya zile 43 huenda zipo mbili tatu ambazo wewe umekosea na yeye anajua.

Nilichobadilisha baada ya hapo: tawi kuu tulilifunga, haliingiliki bila mtu wa pili kukagua, na kufuli hilo linanihusu mimi kwanza. Mambo ya majina, nafasi na mpangilio tuliyakabidhi kwa mashine iyakague kabla binadamu hajafungua. Huwezi kuamini ni maoni mangapi yanapotea hapo; nadhani zaidi ya nusu ya yale 43 yako ni ya kundi hilo. Yanayobaki siandiki zaidi ya 5 kwa mara moja, na la kwanza lazima liwe swali ambalo kweli silijui jibu lake. Na popote penye "usifute" sasa tunaandika ni nani ataumia ikifutwa.

Matoleo nayo yanaanza kwa asilimia 5, tunatazama siku mbili, ndipo tunaongeza. Google yenyewe inaihesabu apu kuwa na tabia mbaya pale watumiaji wanaofungiwa apu mbele ya macho yao wanapofika asilimia 1.09 ya wanaoitumia kwa siku, na wanaogandishiwa skrini wakifika asilimia 0.47. Timu yangu namba hizo wamezibandika ukutani. Lakini jua hili: kosa langu mimi lisingeonekana kwenye namba hizo hata kidogo. Apu haikujifunga. Ilifuta kazi za watu ikaendelea kufanya kazi vizuri.

---

Fundi_Skrini aliandika:

Mama Matoleo, shikamoo. Nimesoma nikasimama kidogo. Yule kijana aliendelea kufanya kazi na wewe? Na ulianzaje kuzungumza naye tena? Maana mimi hapa nikimwita binti wa watu, najua atakuja na kidaftari aandike nitakayosema.

---

Mama_Matoleo alijibu:

Marahaba mwanangu.

Aliendelea, miaka 3 zaidi. Nilimwomba radhi kwenye kikao cha timu, mbele ya wote, kwa sababu nilikuwa nimemnyamazisha mbele ya wote. Sikueleza mengi. Nilisema hatua zile zilikuwa sahihi, aliyezifuta ni mimi, na nilifuta bila kumwuliza. Haikutosha siku ile. Ilichukua kama miezi miwili mpaka akaja kuniambia kitu ambacho sikutaka kukisikia.

Huyo binti usimwite. Mtu anayekuita bosi, ukimwita, ameshajiandaa kukubali kabla hujafungua mdomo. Nenda wewe mezani kwake, vuta kiti, kompyuta iwe yake na kibodi ikae mikononi mwake. Chagua mahali pamoja alipofanya tofauti na ambavyo ungefanya wewe, umwulize alikuwa anakwepa nini. Halafu unyamaze. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, jiandae.

---

Kata_Kamba alijibu:

Namheshimu sana Mama Matoleo na kisa chake kimenigusa, ila kwenye hili la kodi mimi nina neno tofauti kidogo.

Niko upande wa iOS. Nilianza na lugha ya Objective-C, nikahamia lugha ya Swift muda mfupi baada ya Apple kuitoa mwaka 2014, nikaongoza timu miaka 2, kisha nikaomba kwa hiari yangu kurudi kuwa mhandisi. Nilikubaliwa, na hakuna aliyenicheka. Sehemu nyingi siku hizi zina ngazi mbili zinazopanda sambamba, ya usimamizi na ya uhandisi, na unaweza kufika juu kabisa ukiwa bado mhandisi. Neno "kupandishwa" linatudanganya wengi. Umehamishwa kazi, mkuu. Ulikuwa fundi mwenye uzoefu wa miaka 8, sasa ni kiongozi mwenye uzoefu wa miezi 5. Jipime kwa hiyo miezi 5.

Kwa hiyo usiamue kurudi leo. Jipe mwaka, maana kabla ya hapo utakuwa hujui kama kazi huipendi au hujaizoea bado. Mimi nilikwisha kuizoea ndipo nikajua siipendi.

Na usiache kodi zote. Nilichojifunza ni kuchagua kazi ambayo hakuna mtu anayeisubiri. Kiongozi akishika skrini ya toleo, halafu akaitwa kwenye vikao siku tatu mfululizo, timu nzima inasimama inamngoja. Mimi nilichukua mtambo wetu wa kujenga apu. Kila mtu akituma kodi ilikuwa inajengwa na kupimwa kwa dakika 26. Watu wanatuma, wanasubiri, wanasahau walikuwa wanafanya nini. Nikawa naushughulikia saa mbili mbili, asubuhi za Jumatano na Ijumaa, kabla vikao havijaanza. Kulikuwa na maktaba kubwa iliyokuwa ikijengwa upya kila mara bila sababu, nikaiweka kwenye akiba, ikishajengwa mara moja itumike tena. Kulikuwa na vipimo vilivyokuwa vinasubiriana foleni bure, nikaviachia viende sambamba. Baada ya wiki 7 tukafika dakika 9. Nikichelewa hakuna anayeumia, nikimaliza wote wanafaidi, na sikugusa kodi ya mtu.

Kingine, hiyo ya saa nne usiku iache kabisa. Siongelei afya yako, ingawa nayo ni muhimu. Watu wako wanaona muda wa kila badiliko. Git, zana inayotunza historia ya kodi, inaandika saa na dakika. Wakiona kiongozi anaunganisha kodi saa sita usiku, nao wanaanza kukesha, na kodi za kukesha ndizo utakazozirekebisha wiki ijayo.

---

Panya_wa_Seva alijibu:

Hapo kwenye saa za Git umepiga penyewe. Kiongozi wetu wa zamani hakuwahi kutuambia tukeshe, lakini wote tulikesha.

---

Fundi_Skrini aliandika:

MREJESHO, wiki 3 baadaye.

Wakuu nawashukuru kwa dhati, kila mmoja wenu. Nimeona si haki kuchukua ushauri wenu halafu nipotee.

Watu wawili nimewakataa. Nilikwenda na orodha ya vitu 14 vilivyokuwa ndani ya toleo, nikaweka alama kwenye 4 vinavyoweza kusubiri, na ile hesabu ya 28 na 45 nikaichora ubaoni. Mkuu wa biashara hakufurahi, ila vitu 3 kati ya 4 vimeondoka. Vikao vimeshuka kutoka saa 19 mpaka 12. Kompyuta ya kazi sasa inalala ofisini.

Sasa kuhusu binti. Nilikwenda mezani kwake kama nilivyoelekezwa, nikavuta kiti. Nikachagua lile la orodha ya miadi, pale nilipomwandikia apakie kwa kurasa asivute yote kwa mkupuo. Alikuwa ameshabadilisha kama nilivyotaka. Nikamwuliza, ulipoandika mara ya kwanza ulikuwa unakwepa nini?

Alikaa kimya muda mrefu, na mimi nikakaa kimya, na kweli ni ngumu. Kisha akafungua faili lake la majaribio. Kumbe seva yetu inapanga miadi kwa kuangalia iliyobadilishwa karibuni, iliyoguswa mwisho ndiyo inakaa juu. Ukivuta ukurasa wa kwanza, halafu kabla hujavuta wa pili mtu akabadilisha miadi iliyokuwa chini, hiyo inaruka kwenda juu kabisa na kuisukuma nyingine chini. Ya mwisho ya ukurasa wa kwanza unaipata tena kwenye ukurasa wa pili. Na ile iliyoruka huipati kabisa, maana imeingia ukurasa ambao umeshaupita. Mtumiaji anaona miadi moja mara mbili, na nyingine haioni. Alinionyesha kwenye simu, ikatokea mbele ya macho yangu, jaribio la nne. Kwa orodha ya miadi, ile isiyoonekana ni mtu atakayefika mahali akakuta hakuna anayemsubiri.

Sehemu hiyo ya kusawazisha nimeiandika mara tatu kwa mkono wangu, na jambo hilo sikuwa nalijua. Yeye alilijua tangu mwanzo, akalikwepa kwa kuvuta orodha yote kwa mkupuo, nami nikamwandikia akosee, akasema "Sawa." Lilikuwa linakwenda kwenye toleo.

Tulimwita mwenzetu wa seva hapo hapo. Wakakubaliana wao wawili kwamba apu isiombe tena ukurasa kwa namba. Miadi itapangwa kwa kitambulisho chake kisichobadilika, na apu itataja cha mwisho ilichokiona, seva iendelee kuanzia hapo. Kupanga kwa tarehe kutafanyika ndani ya simu. Siku moja na nusu ikaisha. Mimi mchango wangu ulikuwa kiti.

Jana jioni na mimi nilileta kazi yangu ndogo, nimefuata ushauri wa Kata_Kamba nikaanza na mtambo wa kujenga apu. Sheria ya mtu wa pili kukagua tumeiweka, na mkaguzi aliyeangukiwa ni yule binti. Ameniachia maoni 6. La nne linasema: "Kaka, hapa sikubaliani, hii akiba itaficha makosa ya maktaba tukiisasisha."

Nimemjibu naona tofauti. Bado tunalijadili.